Video moja, mara tatu

Mpendwa Neema,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili, na ile ya pili nilicheka peke yangu. Unasema tangu kazi ilipoisha umetazama video thelathini na nane za sosholojia, nyingi kwa kasi ya moja na nusu, na sasa kichwa kimejaa lakini mdomo hauna kitu. "Mtu akiniuliza Weber alisema nini, nabaki kutaja majina ya video." Pole, na karibu chamani.

Nami yalinikuta hayo hayo. Usiku mmoja nilimaliza video sita za Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa, simu kifuani, nikalala nikijiona mtaalamu. Asubuhi mdogo wangu akaniuliza yule mzee uliyekuwa unamsikiliza hadi usiku wa manane alikuwa anasema nini. Nikamjibu: alisema jamii ina nguvu juu ya mtu. Akauliza, alijuaje? Hapo nikakwama. Video zote sita zilinipa jibu la Durkheim, na mimi sikukumbuka hata moja iliyonionyesha namna alivyolipata.

Swali hilo la mdogo wangu ndilo limenifundisha kutazama video. Mwaka 1897 Durkheim alitoa kitabu chake kuhusu kujiua. Alichagua tendo ambalo kila mtu angeapa kuwa ni la siri ya moyo wa mtu mmoja, kisha akaonyesha kwamba idadi yake katika kila nchi haibadiliki sana mwaka hadi mwaka, na kwamba inatofautiana kati ya Waprotestanti na Wakatoliki, kati ya waliooa na wasiooa. Kabla ya kuitaja jamii, alizipima sababu nyingine moja baada ya nyingine: wazimu, urithi wa damu, hali ya hewa, watu kuigana. Zote akaziona hazitoshi. Uzuri wa kitabu uko katika huko kupima na kuondoa. Video ya dakika nane haina nafasi ya kazi hiyo, kwa hiyo inakuonyesha picha ya mwenye ndevu, inapiga muziki wa huzuni, inatamka "anomia", yaani jamii kukosa kanuni za kumwongoza mtu, na imekwisha.

Simaanishi video zote ni hivyo. Goffman, kwa mfano, mwanasosholojia aliyechunguza watu wanavyojionyesha mbele ya wenzao, kama vile aliandikiwa kamera. Alikwenda visiwa vya Shetland, kule Uskoti, akawatazama wahudumu wa hoteli: wakiwa jikoni ni watu wengine kabisa, wakivuka mlango kuingia ukumbini wanabadilika sura. Jukwaani na nyuma ya pazia. Video ikikuonyesha mlango ule na uso unaobadilika, umeelewa, na kuanzia hapo huwezi tena kuketi kwenye kikao bila kuona nani yuko jukwaani. Kanuni yangu imekuwa hiyo: nadharia inayozungumzia kinachoonekana, naiamini video. Nadharia iliyojengwa kwa takwimu na hoja ndefu, video ni ya kunipa hamu tu.

Lakini hata kinachoonekana kina mtego. Umeniandikia kuhusu filamu ya Milgram, mwanasaikolojia wa Marekani, ile ya mwaka 1962, ya watu wanaoamriwa kumpiga mwenzao shoti ya umeme ambayo kumbe si ya kweli. Umesema ilikukosesha usingizi: 26 kati ya watu 40 walifika mwisho wa mashine, volti 450. Ukahitimisha kwamba binadamu ndivyo alivyo. Ngoja kwanza, Neema. Milgram hakufanya jaribio moja, alifanya mengi kwa kubadilisha hali. Mtoa amri alipotoka chumbani akawa anaagiza kwa simu, waliotii hadi mwisho walishuka hadi karibu mtu mmoja kati ya watano. Na pale wenzao wawili walipogoma mbele ya macho yao, waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40. Sasa niambie, hilo ni somo kuhusu roho ya binadamu, au kuhusu nani amesimama kando yako? Video nyingi zinaishia kwenye ile 26 kwa sababu ndiyo inayotisha, na kinachotisha hutazamwa. Sosholojia yenyewe imo kwenye zile zilizobaki.

Nikugusie na Weber, yule mwanasosholojia Mjerumani, maana umemtaja mara nne na "tundu la chuma", usemi wa namna ubepari unavyomfunga mtu, mara nne. Mimi pia nilikuwa natamba nalo. Kumbe usemi huo tumeupata kwa Talcott Parsons, Mmarekani aliyekitafsiri kitabu chake kuhusu maadili ya Kiprotestanti na roho ya ubepari kwa Kiingereza mwaka 1930. Kijerumani cha Weber kinasema kitu kilicho karibu zaidi na ganda gumu kama feleji. Unaweza kuniona mtu wa kubishania maneno, lakini jaribu kuwaza: ndege aliye tunduni anajua kuna nje, siku mlango ukiachwa wazi ataruka. Kobe hana habari hizo, gamba lake limeota pamoja naye. Ukiniambia ubepari ni tundu, nitatafuta ufunguo. Ukiniambia ni gamba, nitaanza kujiuliza kama mimi mwenyewe ninayetafuta sijaumbwa nalo. Yote hayo yamefunikwa na picha moja ya vyuma inayorudiwa kila video, na inayorudiwa kwa sababu inachoreka vizuri.

Kuhusu kasi ya moja na nusu nitakutania kidogo. Mwaka 1996 Bourdieu, mwanasosholojia Mfaransa, alisimama mbele ya kamera za televisheni kulalamika kuhusu televisheni, akataka apewe muda bila kubanwa, kwa hoja kwamba anayewaza kwa haraka anaweza tu kuwaza yale ambayo kila mtu ameshayawaza. Fikiria sasa tunamsikiliza kwa kasi ya moja na nusu!

Ninavyofanya siku hizi ni video moja, mara tatu. Mara ya kwanza natazama kama mtu yeyote, napumzika nayo. Ya pili nasimamisha kila mara na kuandika swali ambalo mwanafikra alikuwa anapambana nalo, si jibu lake. Nisipoliona, video hiyo naiacha, haijalishi imetazamwa na mamilioni wangapi. Ya tatu naweka simu kifudifudi, nasikiliza sauti tu. Utashangaa ni hoja ngapi zinaporomoka picha ikiondoka. Halafu natafuta mtu wa kumweleza. Mdogo wangu ameshachoka, sasa zamu yako.

Kama unataka kitu cha polepole, anza na mihadhara ya Iván Szelényi, iliyorekodiwa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2009. Ni 25, ya bure, na maandishi yake yapo. Ni mzee aliyesimama mbele ya darasa, hakuna katuni, lafudhi yake ya Kihungari itakuchukua siku mbili kuizoea. Anaanza na Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza, na kuishia na Durkheim, na kila mwanafikra anamweka kwanza katika maisha yake. Upungufu wake nitakutajia mapema: hutamkuta Ibn Khaldun, mwanahistoria Mwarabu, ambaye mwaka 1377 alishaandika kuhusu asabia, ule mshikamano unaowapandisha watawala na ambao wakishastarehe unawaponyoka, kwa kawaida ndani ya vizazi vitatu. Wala Du Bois, Mmarekani mweusi aliyebisha hodi nyumba kwa nyumba Philadelphia na kutoa kitabu kuhusu watu weusi wa mji huo mwaka 1899. Hao tutawatafuta wenyewe.

Nimeacha la kazi yako hadi mwisho kwa makusudi. Umeandika, katikati ya habari za Marx, kama vile hukutaka nilione: "labda ningejitahidi zaidi wasingenipunguza." Mmepunguzwa watu wangapi siku ile? Uliniambia idara nzima. C. Wright Mills, mwanasosholojia wa Marekani, mwaka 1959 alisema kwamba katika mji wa watu 100,000, akikosa kazi mmoja, tuangalie tabia yake na ujuzi wake. Katika taifa lenye wafanyakazi milioni 50, wakikosa kazi milioni 15, hilo si la kutafutwa ndani ya mtu mmoja mmoja. Sikupi hilo kama dawa ya usingizi. Nakupa kwa sababu nadhani ndilo swali lililokupeleka kwenye video thelathini na nane, na umelizunguka katika zote bila kuliuliza.

Jumapili usiku nitakupigia. Uwe umeutazama mhadhara wa kwanza wa Marx, kwa kasi ya kawaida tafadhali. Nitauliza tu: alijuaje?

Wako,
Zawadi