Risala ya Kikundi cha Ushangiliaji cha Skuli kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Michezo, Chake Chake, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Sheha wa shehia yetu,
Wajumbe wa Kamati ya Skuli,
Wazee wetu, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia uhai na uzima tukakutana hapa leo. Tunakushukuru na wewe Mheshimiwa kwa kukubali mwaliko wetu. Tunajua una majukumu mengi, na kuja kwako kumetupa moyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kimetoka kwenye halaiki. Kaka na dada zetu walicheza halaiki za sherehe za Mapinduzi, na kwao tulijifunza kupanga mistari, kugeuka kwa pigo moja na kusimama juu ya mabega ya mwenzio bila kutetereka. Baadaye tukaujua mchezo ambao wenzetu duniani wanauita chialidingi, yaani ushangiliaji wa mashindano. Ulianza mwaka 1898 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, pale mwanafunzi Johnny Campbell aliposimama mbele ya watazamaji kuwaongoza kushangilia timu yao. Wanawake waliingia mwaka 1923. Leo mchezo huu hausubiri mpira wa mtu mwengine, una mashindano yake, waamuzi wake na ubingwa wake wa dunia. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliutambua kwa muda mwaka 2016, na mwaka 2021 ikautambua rasmi. Bado haujaingizwa kwenye ratiba ya michezo ya Olimpiki, na tunalisema hilo wazi ili mzazi asije akadanganywa na mtu yeyote kwamba mwanawe anapelekwa Olimpiki.

Wazazi wametuuliza mara nyingi: "Nyinyi mtakwenda lini huko Marekani?" Swali hilo ni la haki, na leo tumeona tulijibu mbele yako, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu iko mikononi mwa wakubwa wetu.

Mashindano makubwa ya timu za taifa yanaandaliwa na shirikisho la kimataifa linalojulikana kama ICU, lililoanzishwa mwaka 2004. Hufanyika mjini Orlando, jimbo la Florida, kwa kawaida mwezi wa Aprili. Pale hakuna skuli wala kikundi kinachoweza kujiandikisha chenyewe, hata kama kina fedha za kujaza ndege. Anayeandikisha timu ni shirikisho la taifa, na kila nchi ina shirikisho moja tu linalotambuliwa. Kila nchi hupeleka timu moja katika kila kundi la mashindano. Kwa hiyo mchujo halisi unafanyika nyumbani. Ama vikundi vya nchi vinashindana na bingwa anapewa bendera, au wachezaji bora wanachaguliwa kutoka kila upande na kuundiwa timu moja.

Mheshimiwa, Wazanzibari jambo hili tumelionja kwenye mpira wa miguu. Mwezi wa Machi 2017 Zanzibar ilipokelewa kuwa mwanachama kamili wa CAF, shirikisho la mpira wa miguu la Afrika, watu wakafurahi mitaani. Kufika Julai mwaka huo huo tukaondolewa, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na wanachama wawili. Iliuma. Lakini sisi watoto tunaokua sasa hatutaki kupoteza miaka tukingoja mlango ambao haujafunguliwa. Katika mchezo huu, mtoto wa Pemba atakayefika Orlando atafika na jezi ya Tanzania, na tutaivaa kwa fahari. Tunachoomba ni kwamba siku ya kuchagua timu hiyo, jina la Pemba liwemo kwenye orodha ya wanaoitwa.

Ipo njia ya pili, ya klabu. Mashindano ya dunia ya klabu nayo hufanyika Orlando, chini ya shirikisho la Marekani USASF na mwenzake wa kimataifa IASF, na yalianza mwaka 2004. Klabu za Marekani hugombea nafasi katika mashindano maalum ya msimu. Zipo nafasi zinazolipiwa gharama zote, zipo zinazolipiwa sehemu tu, na zipo ambazo klabu inapewa ruhusa ya kuja lakini ijilipie yenyewe. Klabu za nchi nyengine hupitia mashindano ya nchini kwao, na idadi ya timu kwa kila nchi ina kikomo. Ukizitazama njia zote mbili, Mheshimiwa, hakuna inayoruka nyumbani.

Sasa tungependa ujue waamuzi wanatazama nini, kwani hapo ndipo tulipopata matumaini.

Katika mashindano ya timu za taifa, sehemu ya muziki ya onyesho hairuhusiwi kuzidi dakika mbili na nusu. Uwanja wa onyesho ni zulia lenye upana wa kama mita 16 na nusu na kina kisichofika mita 13. Alama ni 100. Kumnyanyua mwenzako na kumshikilia juu kuna alama 25, na piramidi 25. Kumrusha mtu hewani na kumdaka kuna alama 15, na kupiga sarakasi za chini, zile za kubingirika na kuruka kinyumenyume, kuna 10. Kuunganisha vipande bila kukatika kuna 5, na mvuto wa onyesho zima 10. Zinabaki alama 10 za kuongoza ushangiliaji wenyewe, yaani kuwaita watazamaji waitikie kwa ajili ya nchi yako, kwa mabango, kwa bendera na kwa sauti. Na hapo kanuni inahimiza timu itumie lugha ya kwao.

Tulipolisoma hilo, Mheshimiwa, tulirukaruka kama tumeshinda tayari. Kuita na kuitikia kwa Kiswahili! Mtoto gani wa Pemba hajakulia ndani yake? Anayekwenda harusini anaitikia, anayekwenda kwenye mashindano ya ng'ombe anapiga kelele, aliyesoma madrasa anajua kupokea sauti ya mwalimu na kuirudisha kwa pamoja. Alama hizo 10 hatuhitaji kuzinunua popote.

Alama nyengine zinahitaji mafunzo na vifaa, na sharti la kwanza ni usalama. Kanuni zinakataza kunyanyuana, kurushana au kupiga sarakasi juu ya saruji, lami, ardhi iliyolowa au isiyo sawa. Zinataka timu iwe chini ya mwalimu mwenye sifa, na mchezaji asisogezwe kwenye mtindo mgumu kabla hajaumudu uliotangulia. Zinataka kila timu iwe na mpango wa dharura. Mpango huo tumeshaupanga. Tumekubaliana nani anabaki na aliyeumia, nani anapiga simu, gari la mzazi gani linaitwa na nani anawatuliza wenzake. Vidani, bangili na herini haviruhusiwi uwanjani, na sisi tunavivua kabla ya mazoezi. Kucheza peku hakuruhusiwi pia, lazima viatu vya michezo vya soli laini. Hapo tumekwama, kwa sababu wengi wetu tunafanya mazoezi kwa miguu mitupu.

Kanuni moja ilitubadilisha. Wazee wengi hapa wanaikumbuka piramidi yetu ya vimo vitatu, watu watatu mmoja juu ya mwengine, iliyopigiwa makofi sana. Tumeiacha. Hata kundi la juu kabisa la mashindano ya dunia haliruhusu piramidi kupita vimo viwili na nusu, na makundi ya chini yake yana mipaka mikali zaidi. Leo utaona piramidi fupi zaidi, lakini tazama miguu ya wa juu inavyotulia, na umtazame mtoto anayesimama nyuma yake mikono juu, macho hayabanduki kwenye kichwa na mabega ya mwenzake. Huyo nyuma hashangiliwi na mtu. Kazi yake ni kudaka kichwa na shingo kabla havijafika chini, na kwetu sisi yeye ndiye mkubwa wa kikundi.

Uwanja wetu wa mazoezi ni ule ulio nyuma ya madarasa, chini ya mwembe. Una mteremko na mizizi imetokeza. Tunatandika magodoro ya sponji ya zamani yaliyotolewa na wazazi, tukayashona kwa turubai. Mishono inaachia, na mguu wa mtoto unaposhuka kati ya godoro na godoro kifundo kinapinda. Mvua za masika zikianza turubai linanyonya maji, na tunasimamisha mazoezi mpaka likauke.

Kuhusu watoto wa kike, tunawaheshimu wazazi waliotuuliza. Yapo makundi ya wasichana peke yao katika mashindano haya, na sisi tumewatenga tangu mwanzo. Wasichana wananyanyuana wenyewe kwa wenyewe chini ya mwalimu wa kike, wakiwa na suruali ndefu, mikono mirefu na mtandio uliobanwa vizuri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu tunayaleta kwa adabu. Tunaomba utusaidie kikundi hiki kisajiliwe na Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar, ili tutoke kwenye jina la "watoto wa mazoezi" na tuwe klabu inayoweza kuandikiwa barua. Tunaomba mwalimu wetu, ambaye mengi ameyatazama kwenye simu yake kwa vocha zake mwenyewe, apelekwe kwenye mafunzo ya ukocha. Tunaomba itakapofanyika michujo ya taifa, ama ifike Pemba au tuwezeshwe nauli ya boti, kwani kutoka Mkoani mpaka Unguja na kutoka Unguja mpaka Dar es Salaam ni fedha nyingi kwa timu nzima na walezi wake. Wapo wenzetu wasio na vyeti vya kuzaliwa. Bila cheti hakuna pasi ya kusafiria, na bila pasi hakuna viza wala uthibitisho wa umri. Tunaomba masheha walisimamie hili mapema, lisingoje siku ya safari. Hata muziki una masharti yake. Nyimbo zinazotumika huko lazima ziwe na kibali cha wenyewe, kwa hiyo tungefurahi sana msanii wa hapa kwetu akitutungia mdundo wetu na kutuandikia ruhusa.

Tukiambiwa tuchague ombi moja tu kwa leo, Mheshimiwa, tunachagua zulia la mazoezi lenye sponji. Usajili unaweza kuchukua mwezi, mchujo unaweza kuchukua mwaka, lakini watoto wanarushwa hewani kila Jumamosi.

Baada ya risala hii kikundi kitaingia uwanjani. Onyesho ni la dakika mbili na nusu, tumelipima kwa saa, na sehemu ya kwanza ni ya kuitikia. Tunakuomba wewe na wazee wetu wote mliokaa jukwaani muitikie kwa sauti.

Naomba kuwasilisha.

Ahsante sana,
Katibu, kwa niaba ya wanakikundi