Idi, msiingie kwenye mvua

Mpendwa Idi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, watoto hawajambo. Nisamehe kwa kimya kirefu. Nilikusudia kukuandikia kwa utulivu, ila tangu Zuhura aniambie kwamba mwezi Mei unakwenda Oklahoma, kule Marekani, kufukuzia tornado, zile nguzo za upepo unaozunguka kwa nguvu chini ya wingu, na wale jamaa wa Hamza, moyo haujatulia. Basi naandika usiku huu huu.

Sikukatazi. Nilishakwenda, najua kinachokuvuta. Alasiri ile tulisimama kando ya barabara ya vumbi, wingu limejaa magharibi, upepo wa vuguvugu ukitupiga mgongoni. Ngano yote shambani ilikuwa imelalia upande wa wingu kana kwamba inavutwa. Mara upepo ukakata, baridi ikatupiga usoni, na dereva akawasha gari kabla mtu hajauliza. Mpaka leo namshukuru.

Asubuhi utaona jua kali na utulivu, udhani siku imeharibika. Usidanganyike, ndugu yangu. Hewa yenye unyevu inapanda kutoka Ghuba ya Meksiko, na juu yake inatanda hewa kavu ya joto kutoka nyanda za juu za magharibi, imekaa kama kifuniko cha sufuria. Chini jua linachemsha mchana kutwa. Kifuniko kikiachia, wingu linapaa zaidi ya kilomita 12 kwa muda mfupi tu. Lakini joto peke yake huleta radi na mvua. Kinacholizungusha wingu ni pepo zisizoelewana: wa chini unatoka kusini mashariki, wa juu unatoka magharibi kwa kasi kubwa zaidi, na hewa iliyo katikati inaviringika kama mkeka. Mkondo unaopanda ukiusimamisha mkeka huo, wingu zima huanza kuzunguka. Na hata hapo, mawingu mengi ya namna hiyo hayatoi tornado. Mtaendesha mamia ya kilomita mrudi mikono mitupu, siku baada ya siku, na hapo ndipo ninapoogopa. Mtu mwenye kiu husogea karibu kupita kiasi.

Nakuomba jambo moja: msiingie kwenye mvua kuitafuta tornado. Kaeni kusini mashariki mwa wingu, na njia ya kutorokea iwe wazi. Pale El Reno, hukohuko Oklahoma, 31 Mei 2013, tornado ilitanuka ikafika upana wa kilomita 4.2, ikageuza njia, ikaongeza mwendo, na muda mwingi imejifunika ndani ya mvua. Tim Samaras, mtafiti wa tornado, alifia pale, pamoja na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Samaras hakuwa mtafuta sifa, Idi. Mwaka 2003, huko Manchester, South Dakota, alitega kifaa chake njiani mwa tornado, kikapima mgandamizo wa hewa ukiporomoka kwa milibari 100. Ujuzi wa namna hiyo, na bado. Ndiyo maana Zuhura aliponiambia unasema "dereva wetu ni mzoefu", nilinyamaza.

Tena, mkizidiwa, msikimbilie chini ya daraja la barabara kuu. Upepo hubanwa pale ukazidi nguvu, na vifusi vinaingia navyo. Tarehe 3 Mei 1999 watu walikufa chini ya madaraja hayo, hukohuko Oklahoma.

Lakini narudi palepale, mvua. Dereva mwenyewe ni nani? Anaisoma rada au anafuata mkia wa magari mengine? Mna ramani ya karatasi, mtandao ukikatika? Mmekubaliana kwamba mtu mmoja akisema turudi, mnarudi bila mabishano? Na mama, umemwambia au unangoja asikie kwa Zuhura kama mimi? Nijibu kabla hujakata tiketi, hata kwa mstari mmoja.

Wako,
Rehema