Barua ya wazi kwa Mkuu wa Idara ya Ugani: mabua yanalea madoa ya kijivu

Ndugu Mkuu,

Tangu mlipotushauri tuache kupiga plau na tulaze mabua shambani, udongo wangu umepona. Unashika maji, na minyoo imerudi. Sipingi ushauri huo hata kidogo. Lakini ulitufikia nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoniunguzia mahindi.

Mahindi yanapokaribia kutoa ndevu, chuma jani la chini uliinue kwenye mwanga. Utaona vidoa vyenye ukingo wa manjano. Baadaye hurefuka katikati ya mishipa ya jani, vimenyooka kana kwamba vimepigiwa rula, upana milimita 2 au 3, urefu hata sentimita 5. Vikigeuka kijivu, kuvu anayevisababisha ameshaanza kutoa spora, yaani mbegu zake. Hizo jicho halizioni. Upepo na matone ya mvua huzipandisha jani kwa jani, na zikifika majani ya juu kabla punje hazijajaa, unavuna mahindi mepesi.

Kuvu huyu, Cercospora zeae-maydis, alitambuliwa Illinois, Marekani, mwaka 1924, akakaa miaka mingi bila kutisha. Alishika kasi huko kuanzia miaka ya 1970, wakulima walipoacha kupiga plau, wakawa wanapanda mahindi juu ya mabua ya mahindi. Chakula chake ni mahindi, na mavuno yakishapita hujificha ndani ya mabua yaliyolala juu ya ardhi. Mabua yakioza kabisa, naye amekwisha.

Kwa hiyo tuambieni kwa sauti ileile: palipolazwa mabua ya mahindi, msimu unaofuata ipandwe kunde au zao jingine. Asiye na shamba la kubadilishia aelekezwe kwenye mbegu inayostahimili madoa haya.

Jambo jingine linaniuma. Bwana shamba aliyekuja kwangu alisema ni njaa ya mbolea. Nikaongeza mbolea, madoa yakaendelea kupanda. Ukosefu wa naitrojeni huanzia ncha ya jani na kushuka na uti wake kwa umbo la V. Hauchori madoa marefu kati ya mishipa. Tafadhali wafundisheni tofauti hiyo kabla ya msimu wa kupanda, wakiwa na majani yenyewe mkononi.

Langu nimelikausha ndani ya daftari. Utakayemtuma nitampa.

Mkulima wa mahindi