Barua kwa Mhariri: Bonde la Rufiji si uwanja wa kujifunzia baiskeli

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu safari za baiskeli nje ya Dar es Salaam na kwa sehemu kubwa nimeifurahia. Ila pale mwandishi alipoandika kwamba njia ya kwenda Daraja la Mkapa, lile la mto Rufiji, ni tambarare tupu, hivyo inamfaa hata anayeanza, nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Naomba nafasi nimjibu, kwa nia njema tu, maana naamini hajawahi kuipanda barabara hiyo kwa miguu yake.

Mimi ni mzaliwa wa Ikwiriri, makazi yangu Mbagala. Kila mwaka mpunga ukishavunwa huwa naenda nyumbani kwa baiskeli, mwendo wa zaidi ya kilomita mia moja, na nalala Kibiti usiku mmoja kwa sababu umri umekwenda. Kwanza, hiyo tambarare ni ya mwisho. Kutoka Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana mpaka Bungu ni kupanda na kushuka, vilima vidogo vidogo visivyoonekana kwa mtu aliyekaa dirishani mwa basi. Tambarare yenyewe inaanza unapoiacha Ikwiriri na kuteremkia bondeni. Hapo barabara imeinuliwa juu ya tuta, huku na huku mashamba, matete na madimbwi, na mbele yako hakuna mti wa kukukinga na chochote.

Hapo ndipo unapokutana na upepo. Julai na Agosti, miezi ambayo wenzetu wa mjini wanaipenda kwa sababu jua limepoa, upepo wa kusi unakupiga usoni njia nzima. Kilimani unajua kilele kipo, ukifika utapumzika. Bondeni hakuna kilele. Unakanyaga pedali saa nzima na daraja liko palepale, jeupe, kama limechorwa. Faida yake ni kwamba wakati wa kurudi unasukumwa mgongoni mpaka unajiona kijana. Anayekwenda Januari na kaskazi hupata kinyume chake: kwenda raha, kurudi kilio, na joto juu yake. Masika asiende kabisa.

Lakini upepo haujaua mtu. Kilichonifanya nikuandikie ni ukingo wa lami.

Julai iliyopita, kabla ya kufika darajani, basi moja lilikuwa linalipita lori. Jina la basi naliacha, na dereva nadhani hata hakuniona. Wote wawili wakaja upande wangu. Bega la barabara pale lilishaliwa na maji, kwa hiyo lami inaishia ghafla kama meza. Nikashuka bila kutaka kushuka. Tairi la mbele likadumbukia, rimu likapinda, mimi nikaishia kwenye matete na goti limechubuka. Nilipoinuka nikaupima ukingo ule kwa mkono: shubiri nzima, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho.

Nikiwa bado nafuta damu, akaja mzee mmoja na Phoenix yake, nyuma magunia mawili ya mpunga yamefungwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, moja juu ya jingine. Akasimama, akachomoa mti aliokuwa ameuchomeka kwenye fremu, akaiegemeza baiskeli palepale juu ya lami. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Umeumia?" Nikamwambia ni goti tu. Nikamwuliza yeye hufanyaje mabasi yakija namna ile. Akaangalia mzigo wake, akasema, "Mzigo huu haushuki lami. Ukishuka, haupandi." Basi. Akachomoa mti wake, akasukuma hatua tatu, akapanda, akaenda zake.

Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo. Sisi wenye baiskeli nyepesi na kofia ngumu tukiona hatari tunaruka pembeni, tukaenda kusimulia. Yeye hana pa kuruka. Kila anaposikia honi anabaki alipo, anamwachia dereva uamuzi.

Na wazee kama yule hawako pale kwa bahati mbaya. Zamani Warufiji walikuwa wakiishi bondeni, karibu na mashamba. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 Serikali iliwahamishia kwenye vijiji vya mwinuko wa upande wa kaskazini, kwenye ile iliyoitwa Operesheni Rufiji. Nyumba zikahama, mashamba yakabaki kule kule, kwa sababu rutuba iko bondeni. Mpunga unapandwa kabla mto haujafurika, na maji yakishapungua watu wanalima mlau, yaani wanapanda mahindi na kunde kwenye udongo uliobaki na unyevu. Msimu wa kulinda mpunga usiliwe na ndege, familia zinahamia kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, kisha zinarudi. Kati ya nyumba na shamba kuna baiskeli. Inabeba mbegu, maji ya kunywa, mtoto, mgonjwa, na mwisho wa msimu inabeba mavuno. Kwa hiyo anayesema pale hakuna njia ya baiskeli nitamkatalia. Njia ipo tangu miaka ya sitini. Kilichokosekana ni nafasi yake kwenye lami.

Nakumbuka kivuko cha Ndundu, tukisubiri ng'ambo na mabasi yamepanga mstari. Daraja lilipofunguliwa mwaka 2003, mita 970, tulilivuka kwa miguu kwenda na kurudi, bila kazi yoyote ng'ambo, kwa furaha tu. Kisha lami ikafika kipande cha Ndundu hadi Somanga, zile kilomita 60 zilizokuwa zikiwatesa watu wa Lindi na Mtwara. Sina ubishi na maendeleo hayo, mama yangu alisafiri kwa barabara hiyo kwenda kutibiwa. Ila kadiri lami ilivyokuwa nzuri ndivyo magari yalivyokimbia, na mwenye baiskeli akabaki kwenye mstari mweupe wa pembeni, pale ulipobaki.

Mwaka 2024 bonde lilifurika tena vibaya, na Mei mwaka huo kimbunga Hidaya kikaikata barabara ya Kusini maeneo ya Somanga. (Ubishi wa bwawa la Julius Nyerere na mafuriko yale siuingilii hapa, huo ni wa barua nyingine na wenye hasira zaidi yangu.) Tangu hapo pamekuwa na kazi za kujenga upya madaraja na makalvati, yale mapito ya maji chini ya barabara, katika barabara hii. Ombi langu liko hapo. Mafundi wakiwa bado wako kazini, tuta la bondeni liongezwe upana, bega liwekwe lami mita moja na nusu kila upande, tangu Ikwiriri mpaka ng'ambo ya daraja. Changarawe haitoshi. Maji ya masika moja yanaichukua, na tunarudi kwenye shubiri yetu. Na penye kalvati bega lisifinywe, maana hapo ndipo baiskeli na lori hulazimika kugombea upenyo mmoja. Nimesikia ikisemwa kwamba gharama ni kubwa. Huenda. Lakini kuinua tuta ndiyo gharama yenyewe, na hilo litainuliwa kwa ajili ya malori, mwenye baiskeli aombe au asiombe.

Kwa wasomaji wenu ambao makala imeshawatia hamu, sitaki kuwakatisha tamaa. Bonde alfajiri, ukungu ukiwa bado juu ya maji na yangeyange wametanda mashambani, sijaona mahali pazuri kuliko hapo. Laleni Kibiti, mwondoke kunapambazuka, mvuke daraja kabla mabasi ya kutoka Dar hayajafika. Gizani msiende. Wazee wa kwetu wanaoikumbuka miaka ya 2002 hadi 2004, simba walipokuwa wakila watu Rufiji, mpaka leo jua likizama hawapandi baiskeli, na mimi nimeshaizoea tabia hiyo ingawa sababu yangu sasa ni taa kali za malori. Maji bebeni ya kutosha, kivuli msikitegemee. Mkikuta mtu na mzigo, ninyi ndio wa kumpisha.

Na chukueni tyubu zenu. Siku ile nilisukuma baiskeli hadi Ikwiriri kwa fundi wa chini ya mwembe. Rimu alilinyoosha vizuri kabisa, akikaza spoku moja na kulegeza nyingine, jicho moja amelifumba, kwa bei ambayo mjini usingepata hata kuangaliwa. Lakini tyubu aliyokuwa nayo ni ya saizi 28, nene, na valvu yake haikuingia kwenye tundu la rimu langu jembamba. Akatoa msumari akitaka kulipanua tundu. Nikamwomba kwa heshima asifanye hivyo, akaibandika kiraka tyubu yangu ile ile iliyotoboka, kwa solusheni, tukaombeana dua.

Mwandishi wenu namkaribisha. Mwaka huu natarajia kuondoka Mbagala Rangi Tatu wiki ya pili ya Julai, Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri. Kwenda tutakula upepo. Kule bondeni nitamwonyesha pale nilipoangukia, achukue shubiri yake mwenyewe apime.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam