Barua kwa mwanangu: umeme ndani ya zumaridi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara tatu. Yote uliyoandika yamenifurahisha, ila mstari mmoja umenikaa rohoni: ule unaosema kwamba zumaridi "si neno letu, ni la Waarabu". Umelisema kama mtu anayeona haya kuvaa nguo ya kuazima. Kwa hiyo nimekaa usiku huu nikuandikie, na pete ya marehemu bibi yako iko hapa mezani, ile yenye kijiwe cha kijani ulichokuwa ukikizungusha kidoleni mwake ulipokuwa mdogo.

Ni kweli, sisi tulilipata kwa Waarabu. Wao husema zumurrud. Waajemi husema zomorrod, Waturuki zümrüt, na Warusi, waliolipokea kutoka upande huohuo, husema izumrud. Sisi tuliligawa upya tu, kila konsonanti ikapata irabu yake, na mwisho tukalifunga kwa i kama tulivyofanya kwa yakuti na almasi.

Lakini Waarabu nao walilipokea. Wagiriki wa kale waliliita jiwe hilo smaragdos, na jina likapitia Kiaramu, lugha ya kale ya Mashariki ya Kati, kabla ya kufika kwa Mwarabu. Hebu litamke mwenyewe, smaragdos, harakaharaka. Umesikia? Ile s ikigusana na m inageuka z, utake usitake. Wagiriki nao waliitamka hivyo, na wako walioliandika kwa z kabisa. Basi hiyo z unayoanza nayo kila ukisema zumaridi ilikuwa tayari midomoni mwa watu kabla Kiswahili hakijawa na maandishi.

Upande wa magharibi jina lilifika kwa Warumi likawa smaragdus. Machimbo yao yalikuwa Misri, katika milima ya jangwani karibu na Bahari ya Shamu, na mlima wenyewe wakauita Mons Smaragdus. Zamani jina hilo lilibeba mawe mengi ya kijani. Siku hizi tunamaanisha jiwe moja tu, madini yaitwayo berili, yaliyotiwa kijani na chembe za metali, kromiamu au vanadiamu.

Kilatini kilipozaa watoto wake, kila mmoja alilishika neno kwa namna yake. Mwitaliano anasema smeraldo. Mhispania na Mreno wanasema esmeralda, kwa kuwa ndimi zao hazipendi kuanza na s iliyobanana na konsonanti, wakaitangulizia e. Mfaransa wa zamani naye alisema esmeraude, kisha akaimeza s, na leo anaandika émeraude. Kile kialama juu ya é ya kwanza kinakaa mahali pa s iliyopotea. Mwingereza akalichukua kwa Mfaransa, likawa emerald. Ukiziweka emerald na zumaridi pamoja hakuna atakayesema ni ndugu, ila ukifuata njia zote mbili kurudi nyuma unawakuta katika nyumba moja.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo penye utamu wote. Wanaisimu wengi wanaona kwamba hata Wagiriki waliazima, tena kutoka lugha za Kisemiti, ukoo wa Kiarabu na Kiebrania. Waakadi, watu wa kale wa Mesopotamia, jiwe hilo waliliita barraqtu, Waebrania bareqet. Katika Kutoka sura ya 28, jiwe la tatu kwenye kifuko cha kifuani cha kuhani mkuu ni bareqet, na waliotafsiri Torati kwa Kigiriki mahali hapo waliandika smaragdos. B na m zote mbili ni sauti za midomo, ukiifunga midomo zote zinatokea pale pale, kwa hiyo kuhama kutoka moja kwenda nyingine si safari ndefu. Na mzizi wa bareqet, b-r-q, maana yake ni kumulika ghafla, kama radi inapopiga.

Mwarabu bado anao mzizi huo. Umeme wa mvua anauita barq, neno alilorithi kutoka kwa mababu wa lugha yake. Kisha ana zumurrud, lililokuja likiwa limevaa mavazi ya Kigiriki. Yaani mtoto alitoka nyumbani, akalelewa ugenini, akarudi na jina jingine, akapokelewa kama mgeni na ndugu yake wa damu. Wanaishi katika lugha moja na hawajuani. Mimi nilipolielewa hili nilinyamaza kwa muda, nikaichukua pete nikaitazama upya.

Niliizungusha polepole chini ya taa. Ukiishika sawa, kijiwe kimetulia, kijani kizito kama jani lililolowa. Ukiiinamisha kidogo, mwanga unaruka ndani yake mara moja na kuzimika. Nikajikuta nasema, linamemeteka. Hilo hatukuliazima kwa yeyote. Memeteka, memetuka, metameta, umeme: sikiliza zinavyoitikiana. Aliyeliita jiwe bareqet aliona kitu kilekile nilichokiona mimi, akaliita kwa umeme wake.

Pete nitakupa ukija. Ndani ya kijiwe kuna ufa mwembamba kama uzi, upande wa kushoto, usiuonee wasiwasi. Ni pale mwanga unaporuka.

Wako akupendaye,
Baba