Wayo Unaoburuta: Kwa Nini Tunaanza Kukagua Goti

Mteja anayefika katika kliniki yetu ya fiziotherapia hapa Dodoma akilalamika kwamba kandambili inamvuka na vidole vinajikwaa kwenye kokoto, mara nyingi huwa amekwisha kukandwa kifundo kwa maji ya moto (jambo la hatari, kwani ngozi yenye ganzi huungua bila mwenyewe kuhisi). Hushangaa tunapokiacha kifundo na kuanza kumpapasa upande wa nje wa goti.

Neva ya siatiki, mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu, hutoka kiunoni, hushuka nyuma ya paja na kwa kawaida hugawanyika juu kidogo ya goti. Tawi moja, neva ya tibia, huendesha misuli ya shavu la mguu, ile inayotuwezesha kusimama kwa ncha za vidole. Tawi la pili huzunguka shingo ya mfupa mwembamba wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, mahali ambapo halina kinga kubwa zaidi ya ngozi, kisha hugawanyika tena: sehemu ya ndani huendesha misuli ya mbele ya muundi inayoinua wayo, na sehemu ya juujuu huendesha misuli ya ubavuni inayougeuza wayo upande wa nje.

Hapo kwenye shingo ya mfupa ndipo neva huumia kwa urahisi. Plasta gumu lililobana, ajali ya bodaboda, au kuchuchumaa kwa saa nyingi wakati wa kung'oa karanga au kupalilia mizabibu, vyote vyaweza kuibana. Na hilo la kuchuchumaa wagonjwa hawalitaji mpaka waulizwe.

Kisha tunamwomba mteja ageuze wayo kwa ndani, kazi inayotegemea zaidi msuli unaoendeshwa na neva ya tibia. Nguvu ikiwapo, tunaelekea kulishuku goti. Ikipungua nayo, tunashuku mzizi wa neva kiunoni, na tunampeleka kwa daktari.

Neva iliyobanwa tu huweza kurejea ndani ya wiki au miezi, lakini nyuzi zilizokatika hukua takriban milimita 1 kwa siku, kwa hiyo hatuahidi miujiza. Wakati huo tunalinyoosha shavu la mguu lisikakamae na kumvalisha mteja kifaa cha kuushikilia wayo. Aliyepoteza nguvu ghafla, au anayeshindwa kuzuia mkojo, aende hospitali moja kwa moja bila kupitia kwetu.

Wengine waje na viatu wanavyovaa kila siku, maana soli iliyolika ncha hutueleza mengi.