Barua kwa Nabwire kabla ya safari ya Jinja

Bumala, Jumapili usiku

Nabwire mwanangu,

Mfuko huu nimempa makanga wa matatu ya Kisumu, yule mrefu anayekujua, akuachie hapo steji ya Maseno kwa yule mama anayeuza maji. Njugu ni za mama yako. Barua ni yangu. Ningepiga simu, lakini wewe kwenye simu huanza "sawa baba, sawa baba" kabla sijafika ninakokwenda, na jambo hili silitaki jibu la "sawa baba".

Nasikia mnakwenda Jinja, kule Uganda, Ijumaa ya wiki ijayo, mnarudi Jumapili. Nimesikia kwa mama yako, naye kasikia kwa Wandera, na Wandera kayaona mnayoandikiana kwenye simu. Mzee mzima naletewa habari za binti yangu na mtoto wa kidato cha tatu. Haya, tuliache hilo.

Safari yenyewe siipingi. Mama yako ndiye aliyeuliza mnakwenda kula nini huko ambacho hapa hakipo. Mimi nilikutetea. Nilimwambia mtu anayesomea kufundisha jeografia hawezi kusimama mbele ya watoto akasema Nile inatoka Ziwa Victoria, hali maji ya ziwa ameyanywa tangu utotoni na mto wenyewe hajauona. Akanyamaza. Unajua mama yako hanyamazi ovyo.

Shida yangu ni kadi. Wandera anasema mmoja wenu ameuliza kuhusu kadi ya homa ya manjano, ile ya kuonyesha mpakani kwamba umechanjwa, na huyo Brian mwenzenu akajibu msijali, ana mtu wake mpakani. Nabwire, mimi nilibeba abiria kwa baiskeli pale Busia kabla hujazaliwa. Kila kijana anayezurura karibu na lile lango ni mtu wa mtu. Ana mtu wake mpaka pale askari anapotokea, halafu hamjui mtu.

Sindano ni moja tu, na siku hizi kadi yake ni ya maisha. Zamani ilikuwa miaka 10, wakabadilisha mwaka 2016. Lakini kadi huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa. Sasa hesabu na vidole. Ukichomwa keshokutwa Jumanne, Ijumaa ya safari ndiyo siku ya kumi. Ukingoja Jumatano umechelewa. Pesa iko chini ya njugu, nimeifunga kwenye karatasi ya unga. Anzia zahanati ya chuo, na kama hawana watakuelekeza Kisumu. Wala usinunue kadi mtaani. Wapo wanaokujazia kadi na mhuri bila sindano, na watoto wasomi kama ninyi mnaona huo ni ujanja. Mbu hasomi kadi. Na usidhani huo ni ugonjwa wa vitabuni tu, maana mwaka 2022 serikali ilitangaza mlipuko wake Isiolo, hapa hapa kwetu, na dawa ya kuuponya haipo. Utalazwa, utatibiwa dalili, na sisi tutaomba Mungu.

Najua utaniambia kuna siku watu wa afya pale hawaulizi kadi. Kweli, zipo. Hapo ndipo mtaponzwa. Mtasafiri mkiamini hamtaulizwa, mtaulizwa, na nauli mmeshalipa, hoteli mmeshalipia, wasichana mmeshasukwa. Brian atampigia mtu wake, na mtu wake atawazungusha nyuma, kule mtaa wa Sofia, muibukie upande wa pili mkicheka.

Njia zile za panya nazijua moja moja. Usiulize nimezijuaje. Miaka ile sukari ya upande wa pili ilikuwa bei nzuri, na baiskeli ya baba yako ilikuwa na keria pana. Karo ya dada yako haikuota shambani. Lakini gunia likishikwa unaliacha ukakimbia. Wewe huwezi kujiacha ukakimbia.

Na tena kuna jambo vijana hawalifikirii. Ukiingia kwa njia ya panya, lazima utoke kwa njia ya panya, kwa sababu huna alama yoyote kwamba uliingia. Kwenda ni asubuhi, mko wengi, mna pesa. Kurudi ni Jumapili jioni, mmechoka, pesa imeisha, na yule mtu wake Brian anajua hamna pengine pa kupita. Hapo ndipo hutaja bei yake. Na basi likisimamishwa njiani kule Uganda, au Mungu apishe mbali lipate ajali, utaonyesha karatasi gani? Mimi nitakuja kukuuliza katika ofisi gani, na ofisi zote zinasema mtu kama huyo hakuingia nchini?

Ilhali siku hizi mlango wa mbele umekuwa rahisi! Wakati wetu ulipanga foleni upande huu, ukavuka, ukapanga tena upande ule. Tangu marais wawili walipofungua rasmi kile kituo mwaka 2018, unapita moja kwa moja mpaka jengo la upande wa Uganda, ofisa wa Kenya anakutoa na mwenzake wa Uganda anakuingiza hapo hapo. Pasipoti hawakudai, kitambulisho kinatosha. Karatasi watakayokupa ikunje pamoja na kitambulisho, si kwenye mkoba wa simu ambao huufungua kila dakika kupiga picha.

Tena usione kama nakuzuia kwenda ugenini. Shangazi yako Taaka ameolewa upande ule, na Wasamia wa kule na wa huku ni wale wale. Hata huu mpaka wenyewe Waingereza waliusogeza mwaka 1902. Kabla ya hapo mababu zako hapa walihesabiwa Uganda bila kuhama boma. Hiyo utawafundisha wanafunzi wako.

Mkifika, kuleni. Rolex kula asubuhi, ile chapati wanayokunja na mayai na nyanya ndani, ikitoka motoni mbele ya macho yako, si ile iliyolala. Mchana tafuteni matoke na mchuzi wa njugu, na kama pesa inaruhusu agizeni luwombo ya kuku, ile inayopikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Mimi niliila mara ya kwanza pale Jinja nikiwa na njaa ya siku nzima, nikalamba jani, na mwenye hoteli akaniongeza mchuzi bure. Mwezi huu wa Novemba ni msimu wa nsenene pia, wale panzi. Usiniambie unaogopa, wewe uliyekuwa unagombania kumbikumbi na kuku hapa uani.

Pale chanzo cha Nile watawapandisha mashua na kuwahadithia Speke, yule mpelelezi Mwingereza aliyefika mwaka 1862. Waulize maporomoko aliyoyaona yako wapi. Huyaoni, yalifunikwa na maji bwawa la Owen lilipokamilika mwaka 1954. Iko pia sanamu ya Gandhi, maana sehemu ya majivu yake ilimwagwa pale mwaka 1948. Na lile daraja jipya la nyaya la 2018, mita 525, litazame vizuri unapopita. Wakati wangu tulivuka juu ya bwawa lenyewe, askari pande zote. Bwawani usitoe simu, askari wa pale hawapendi picha. Kwenye mashua vaa jaketi la kujiokolea hata kama wenzako wanalikalia. Kuogelea hujui, na huyo Brian pia sidhani anajua, ingawa bila shaka ana mtu wake majini.

Pesa badilishia dukani, si kwa wale wanaotembea na mabunda mkononi. Shilingi yetu moja hupata kama 27 au 28 zao, hivyo mtajiona matajiri kwa dakika chache. Hesabu mwenyewe, mara mbili, kabla hujaondoka dirishani.

Lingine. Basi hilo litapita hapa Bumala mchana kweupe. Mama yako amesema atasimama steji na ndizi, na amesema kwa sauti ile, kwa hiyo mwambieni dereva mapema. Kama unaona haya wenzako wamwone baba yako na gambuti zake, mimi nitabaki nyumbani. Ila nitapenda kumwona huyo Brian.

Ng'ombe amezaa, ndama dume tena. Mama yako alitaka jike kwa ajili ya maziwa ya mbele, sasa ananitazama mimi kana kwamba nilichagua. Mihogo ya bondeni imechimbwa na fuko nusu nzima. Wandera amerudishwa nyumbani kwa salio la karo, ndiyo maana anapata wakati wa kusoma simu za watu. Nitauza ile mbuzi ya madoa siku ya soko arudi shule. Usiulize pesa ya sindano yako imetoka wapi, imetoka, basi. Wewe itumie kwa sindano. Siyo nywele.

Nilikuwa nimesahau, mjumbe wa kanisa alikuulizia, akanipa mkono mbele ya watu, akasema wewe ndiye wa kwanza kijiji chetu upande wa mto kuingia chuo kikuu. Nilimjibu kwamba bado hujamaliza. Lakini mkono niliupokea.

Nikirudi kwenye kadi. Kama Jumanne haitawezekana, kama dawa haipo au foleni ni ndefu, basi waambie wenzako msogeze safari kwa wiki moja. Mto huo hauendi popote. Na wakikataa kusogeza, wao waende, wewe ubaki, na pesa ya nauli uliyopoteza mimi nitakurudishia, ijapokuwa sijui kwa nini. Jumanne jioni nitumie kwa simu ya Wandera picha ya kadi, ukurasa wenye jina lako na mhuri, usinitumie picha ya jalada.

Mama yako anasema sufuria yake kubwa uliyoondoka nayo muhula uliopita irudi na kifuniko chake. Siku mtakayopita Bumala ndiyo nafasi, iweke miguuni kwenye basi. Na toa njugu zote mfukoni kabla ya kuutupa, pesa isije ikaenda nao.

Baba yako